John Stapp: Daktari aliyejifunga kwenye roketi ili abiria wapone

MFANYABIASHARA wa mayai hahitaji kufundishwa fizikia. Anajua kwamba trei likifungwa juu ya chuma kitupu nyuma ya pikipiki, shimo moja tu la barabara linatosha kula faida ya siku nzima. Akitanguliza kipande cha godoro kuukuu au gunia lililojazwa maranda, mayai yaleyale yanafika sokoni salama. Barabara ni ileile, shimo ni lilelile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni namna yai linavyosimamishwa.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa mfuko wa hewa, ule unaofumuka kutoka kwenye usukani au dashibodi ya gari pale linapogonga na kumpokea dereva au abiria kabla hajajibamiza. Lakini kabla ya mhandisi yeyote kubuni mfuko wa namna hiyo, kulikuwa na swali lililohitaji jibu: mwili wa binadamu unastahimili kishindo cha kiasi gani? Mayai mtu anaweza kuyavunja trei zima ili ajifunze, akahesabu hasara na kuendelea. Binadamu hawezi kujaribiwa hivyo.

Mtu aliyelijibu swali hilo alikuwa daktari wa kijeshi wa Marekani, John Paul Stapp. Hakumtafuta mtu wa kumjaribia. Alipanda mwenyewe.

Mtoto wa wamisionari

Stapp alizaliwa Julai 11, 1910 katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia nchini Brazil, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani. Alikulia huko kabla ya kupelekwa Texas kwa masomo.

Alipokuwa mwanafunzi wa chuo, likizo ya Krismasi ya mwaka 1928 ilimbadilisha. Mtoto mchanga wa ndugu zake alitambaa hadi kwenye moto wa kuotea akaungua vibaya. Kijana Stapp alikaa naye kwa zaidi ya siku mbili akimuuguza, lakini mtoto alifariki dunia. Tangu hapo aliamua kuwa daktari.

Nia ilikuwepo ila fedha hazikuwepo. Alisoma zoolojia katika Chuo Kikuu cha Baylor, akapata shahada ya kwanza mwaka 1931 na ya pili mwaka 1932, kisha akafundisha kwa muda ili ajikimu. Mwaka 1940 alipata shahada ya uzamivu ya biofizikia katika Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 1944 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Safari hiyo ilimchukua miaka 16 tangu siku alipofanya uamuzi. Mwaka huohuo alijiunga na jeshi.

Kazi yake ya kwanza kubwa, kuanzia mwaka 1946, ilihusu marubani wanaoruka juu sana bila ndege yao kuwa na shinikizo la hewa. Walikuwa wakipatwa na mapovu ya gesi kwenye damu na maumivu makali ya viungo. Stapp aliruka nao na kugundua kwamba rubani akivuta oksijeni tupu kwa nusu saa kabla ya kuruka, tatizo hilo linazuilika. Hapo tayari tabia yake ilionekana: jambo linalowaumiza watu alilichunguza kwa mwili wake kwanza.

Imani ya mara 18

Mwaka 1947 Stapp alihamishiwa kituo cha anga cha Muroc katika jangwa la California, ambacho baadaye kiliitwa Edwards. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba binadamu akisimamishwa ghafla kwa nguvu inayozidi mara 18 uzito wake, lazima afe. Viti na mikanda ya ndege vilitengenezwa kwa kufuata hesabu hiyo. Hapakuwa na sababu ya kuweka kiti imara kuliko mtu atakayekikalia.

Hata hivyo, kulikuwa na marubani waliopona ajali ambazo kwa hesabu hiyo zilipaswa kuwaua. Wengine walikufa katika ajali ndogo kwa sababu kiti kiling'oka au mkanda ulikatika. Stapp aliona kwamba huenda kosa halikuwa kwenye mwili bali kwenye hesabu.

Mtu mwingine alikuwa ameshaanza kuigusa hoja hiyo. Hugh DeHaven, Mmarekani aliyenusurika ajali ya ndege katika mafunzo ya Vita Kuu ya Kwanza, alianza majaribio yake kwa kudondosha mayai juu ya mpira laini. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi kuhusu watu walioanguka kutoka kwenye majengo marefu wakapona. Alionyesha kwamba kilichowaponya ni kile walichoangukia, kwa kuwa kilibonyea na kuwapa nafasi ya kusimama polepole. Kilichobaki ni kupata vipimo kamili.

Muroc kulikuwa na reli yenye urefu wa mita 600 hivi. Juu yake kiliwekwa kigari kinachosukumwa na roketi, na mwishoni breki zenye nguvu. Kigari kiliitwa Gee Whiz. Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa sanamu ya mtu, na katika jaribio mojawapo mikanda ilikatika, sanamu ikarushwa mbali mbele ya kigari. Baada ya marekebisho mengi, Desemba 1947 Stapp alikaa mwenyewe akiwa ameupa mgongo upande wa mbele. Siku iliyofuata aliongeza nguvu.

Hadi Agosti 1948 alikuwa amepanda mara 16 na kufikia nguvu ya mara 35, karibu maradufu ya ile iliyodaiwa kuwa ni kifo. Wakubwa wake walipofahamu, walimpandisha cheo na kumtaka aache kujijaribu, atumie sokwe. Aliendelea. Baadaye alianza kukaa akitazama mbele kama abiria wa kawaida, na huko ndiko alikoumia zaidi. Mbavu zilivunjika, kifundo cha mkono kilivunjika mara mbili, mishipa midogo ya macho ilipasuka.

Jioni, baada ya kazi ya jeshi, aliwatibu bure wake na watoto wa wanajeshi wa kituo hicho, ambao hawakuwa na daktari wao.

Katika majaribio hayohayo ndipo ulipozaliwa msemo unaojulikana duniani kote kama Sheria ya Murphy. Mwaka 1949 mhandisi Edward Murphy alileta vipimo vipya, lakini vilifungwa kinyume na jaribio zima halikutoa namba yoyote. Kutokana na kosa hilo, Stapp na wenzake walijenga desturi ya kuamini kwamba kama kuna njia ya kufanya jambo vibaya, iko siku mtu ataifuata, hivyo dawa ni kuiziba njia hiyo mapema. Stapp alilieleza wazo hilo mbele ya waandishi wa habari na likaenea.

Sekunde 1.4

Mwaka 1953 alihamishiwa kituo cha Holloman, jimbo la New Mexico. Huko alipata kigari kikubwa zaidi, Sonic Wind Namba 1. Kilisimamishwa kwa maji: chini yake kulikuwa na mdomo uliochota maji kutoka kwenye mtaro uliokuwa katikati ya reli.

Desemba 10, 1954 alifungwa kwenye kiti, akitazama mbele, bila kioo cha kumkinga na upepo. Siku kadhaa kabla alikuwa amejizoeza kuvaa na kuvua nguo gizani, kwa kuwa aliona uwezekano mkubwa wa kupofuka. Roketi tisa ziliwashwa. Katika sekunde tano kigari kilifikia kilomita 1,017 kwa saa. Kisha kilisimama kwa sekunde 1.4.

Katika kilele cha kusimama huko, mwili wake ulibeba nguvu ya mara 46.2. Kwa mtu wa kilo 75, hiyo ni sawa na kulemewa na karibu tani tatu na nusu, au magunia 35 ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Alipotolewa hakuwa akiona. Macho yalivimba na kujaa damu. Baada ya muda mwanga ukarudi, na uono wake ukarejea.

Septemba 1955 picha yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Time, na dunia ikamwita mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Jumla alipanda vigari hivyo mara 29. Imani ya mara 18 ilikuwa imekufa. Mwili uliofungwa vizuri ulistahimili kuliko ilivyodhaniwa, na kwa hiyo mtu aliyekufa katika ajali ndogo aliuawa na kitu kingine: kiti kilichong'oka, mkanda uliokosekana au chuma kilichokuwa mbele yake.

Kutoka ndege hadi gari

Stapp alipoangalia takwimu za vifo vya wanajeshi wa anga, alikuta kwamba ajali za magari ziliwaua marubani kama ajali za ndege, na hata kuzizidi. Jeshi lilikuwa likitumia fedha nyingi kumsomesha rubani, kisha linampoteza siku ya mapumziko akiwa kwenye gari lake.

Alianza kuyagongesha magari mabovu ya jeshi ili apime kinachowapata waliomo ndani. Wakubwa wake walilalamika kwamba magari hayakuwa kazi ya jeshi la anga. Aliwajibu kwa hesabu ya gharama. Hoja ya huruma haikuwa imewagusa, lakini hoja ya fedha iliwagusa, naye akaruhusiwa kuendelea.

Mei 1955 aliwaita Holloman wahandisi wa magari, madaktari na watafiti ili waone majaribio hayo na kujadiliana. Mkutano huo uliendelea kufanyika mwaka hadi mwaka, na hadi leo unabeba jina lake.

Upinzani mkubwa ulitoka sokoni. Mwaka 1956 kampuni ya Ford ilitoa magari yenye usukani usiochoma kifua, vitasa vya mlango visivyofunguka ovyo, na kwa anayelipia zaidi, mikanda na dashibodi yenye sponji. Mwaka huo mshindani wake, Chevrolet, aliuza magari mengi zaidi, na wenye viwanda wakashika imani kwamba usalama hauuziki. Lakini mnunuzi anakiona kwa macho kinachong'aa, wakati kinachomwokoa hukiona siku ya ajali tu. Bidhaa ya aina hiyo ni vigumu soko peke yake kuisimamia.

Nchini Sweden, Nils Bohlin, aliyewahi kubuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege, alitengenezea kampuni ya Volvo mkanda unaopita begani na kiunoni. Ulianza kutumika mwaka 1959, na Volvo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure.

Marekani ilihitaji sheria. Septemba 9, 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa magari, na Stapp alikuwepo kushuhudia. Kuanzia mwaka 1968 magari mapya ya abiria nchini humo yalitakiwa kuwa na mikanda.

Mfuko wa hewa ulivyofika

Wazo la mfuko wa hewa lilikuwepo muda mrefu. Mwaka 1952 John Hetrick wa Pennsylvania aliliingiza gari mtaroni akikwepa jiwe, akiwa na mkewe na binti yake. Wazazi wote wawili walinyoosha mikono kumkinga mtoto. Hetrick alijiuliza kwa nini kitu fulani kisifanye kazi hiyo badala ya mikono, na Agosti 1953 akapata hataza ya mto unaojazwa hewa. Mjerumani Walter Linderer alipata hataza ya kwao mwaka huohuo. Viwanda havikuonyesha nia. Hataza ya Hetrick iliisha muda wake kabla mifuko haijaanza kuuzwa, naye hakufaidika nayo.

Hewa iliyoshindiliwa ya miaka hiyo ilijaza mfuko polepole mno, na hapakuwa na chombo cha uhakika cha kutambua ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi Allen Breed alibuni kitambuzi cha kishindo. Badala ya hewa, ikatumika kemikali ambayo ikiwashwa kwa cheche hutoa gesi ya nitrojeni kwa mkupuo.

Mfuko wa kisasa hujaa ndani ya sekunde 0.03 hivi, kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Una matundu nyuma yake. Kichwa kinapougonga, gesi inatoka kupitia matundu hayo na mfuko unanywea taratibu. Bila matundu ungekuwa kama mpira wa miguu, ungemrudisha mtu nyuma kwa kishindo kingine.

Hesabu ni hii. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, aliyemo ndani ana mwendo sawa na mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Kichwa na kifua vikisimamishwa na usukani ndani ya sentimita tano, nguvu inafika karibu mara 200. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama tani 14. Mkanda, mfuko na sehemu ya mbele ya gari inayobonyea vikimpa nusu mita ya kusimamia, nguvu inashuka hadi kama mara 20, yaani tani 1.4. Ya kwanza inaua. Ya pili iko chini sana ya zile Stapp alizozibeba akashuka akiwa hai. Bila vipimo vyake, mhandisi asingejua mfuko uwe mgumu kiasi gani na unywee kwa haraka gani.

Kampuni ya General Motors iliuza magari yenye mifuko katikati ya miaka ya 1970 na kupata wanunuzi 10,000 hivi tu, ikaacha. Mercedes-Benz iliirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa imeunganishwa na mkanda. Sheria ya mwaka 1991 ililazimisha magari yote mapya ya abiria Marekani kuwa nayo kuanzia matoleo ya mwaka 1998. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo inakadiria kwamba mifuko ya mbele iliokoa maisha ya zaidi ya watu 50,000 hadi mwaka 2017.

Lakini haikukosa makosa. Mifuko ya kwanza ilifumuka kwa nguvu mno, na kati ya mwaka 1990 na 2008 zaidi ya watu 290 waliuawa na mfuko wenyewe nchini humo, wengi wakiwa watoto au watu waliokaa karibu mno bila mkanda. Kisha mifuko ya kampuni ya Takata ya Japan ilianza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, kwa sababu kemikali iliyotumika, amonia naitreti, iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, na mwaka 2017 Takata ilifilisika. Sheria ya Murphy ilikuwa imejitokeza tena.

Alichowaachia wa barabarani

Stapp alistaafu jeshi mwaka 1970 akiwa na cheo cha kanali. Mwaka 1991 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani. Alifariki dunia Novemba 13, 1999 huko Alamogordo, New Mexico, akiwa na umri wa miaka 89. Mtu aliyejifunga kwenye roketi mara 29 alimaliza maisha yake kwa uzee.

Kazi yake inawagusa wakulima na wachuuzi wa Afrika Mashariki pia. Mwezi Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki, zilizozitaka matatu kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japan kwa ajili ya biashara huja na mifuko ya hewa. Mnunuzi anapaswa kuhakikisha taa ya mfuko kwenye dashibodi inawaka anapofungua swichi kisha inazimika. Isipowaka kabisa, au isipozimika, mfumo huenda una hitilafu au mfuko ulishafumuka na haukurudishwa. Namba ya chasisi ipelekwe kwa wakala wa kampuni ya gari ili ijulikane kama gari limo katika orodha ya mifuko mibovu, hasa katika mikoa ya pwani yenye joto na unyevu.

Aidha, mfuko haufanyi kazi ya mkanda. Dereva akae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, na mtoto mchanga asiwekwe kiti cha mbele chenye mfuko. Anayepanda juu ya magunia nyuma ya lori hana mkanda wala mfuko, na likigonga ataendelea na safari peke yake hadi kitu kingine kimsimamishe.

Mchuuzi anayelitandikia trei la mayai godoro analinda mtaji wake. Mtaji mkubwa kuliko mayai yote ni yeye mwenyewe aliyeyabeba, nao haugharimu zaidi ya kuuvuta mkanda na kuufunga.